Mzigo wa sifa: klabu ya watu wa bandari ya Calais

Wiki hii nataka tuzungumzie klabu ya kandanda ambayo haipo tena. Iliitwa Calais Racing Union, na maskani yake yalikuwa katika mji wa bandari wa Calais, kaskazini kabisa mwa Ufaransa, pale ambapo mtu akisimama ufukoni siku isiyo na ukungu huiona Uingereza kwa macho yake.

Haikuwa klabu kubwa. Mizizi yake ilianza mwaka 1902, na katika maisha yake yote haikupata kuwa bingwa wa Ufaransa hata mara moja. Watu wengi nje ya mkoa wake hawakuijua kabla ya mwaka 2000, na ilipofilisiwa mwaka 2017 wengi walikuwa wamekwisha kuisahau. Lakini miaka 17 iliyo kati ya tarehe hizo mbili ina jambo la kutufundisha sisi wapenzi wa mpira, na ndiyo sababu nilikwenda huko kutazama. Tumezoea kusema kwamba timu huuawa na vipigo. Calais ilianza kuugua baada ya kupata sifa iliyozidi kimo chake.

Kwanza tuujue mji wenyewe, maana klabu ni mtoto wa mji.

Nilifika Calais kwa meli kutoka Dover, safari ya kama saa moja na nusu hivi. Malori yalitangulia kushuka, kisha magari madogo, na mwisho sisi watembea kwa miguu. Jambo la kwanza nililoling'amua ni kwamba karibu kila aliyeshuka alikuwa na haraka ya kwenda kwingine: Paris, Brussels, Ujerumani. Calais ni mlango, na mlangoni watu hawakai. Mimi nilibaki. Nikatembea hadi kwenye jumba la halmashauri ya mji, lenye mnara mrefu wa matofali mekundu, ambako mbele yake zimesimama sanamu maarufu za mchongaji Auguste Rodin.

Sanamu hizo zina hadithi yake. Mwaka 1347, baada ya kuuzingira mji huo kwa takriban miezi 11, Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza alikubali kuwasamehe wakazi waliokuwa wakifa njaa kwa sharti moja: raia sita waheshimiwa wamjie bila viatu, kamba shingoni na funguo za mji mikononi, awafanye apendavyo. Wa kwanza kujitolea alikuwa Eustache de Saint-Pierre, na wengine watano wakamfuata. Masimulizi yanasema Malkia Philippa aliwaombea, nao wakasalimika. Waingereza waliushika mji huo hadi mwaka 1558.

Sanamu zilizinduliwa mwaka 1895. Ukizitazama huoni mashujaa wenye vifua mbele. Unaona watu wa kawaida wenye mikono mikubwa na miguu mizito, kila mmoja amezama katika hofu yake, na hata hivyo wanatembea. Nawaomba mkumbuke sura hizo, kwa sababu mji wa Calais ulizikumbuka mwaka 2000.

Baadaye, katika karne ya 19, mafundi wa Kiingereza kutoka Nottingham walivusha mashine za kufumia lesi, na Calais ikawa mji wa lesi. Nguo za harusi na za ndani za wanawake wa Ulaya zikapambwa kwa kazi ya viwanda vyake. Kwa hiyo mji ukawa na miguu miwili: lesi na bandari. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 20 viwanda vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1994 njia ya reli iliyochimbwa chini ya bahari ilifunguliwa, na meli zikapata mshindani. Kisha katikati ya mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ikaondoa biashara ya bidhaa zisizolipiwa ushuru kwa wasafiri wa kati ya nchi wanachama. Biashara hiyo ya sigara, pombe na manukato ilikuwa mhimili mkubwa wa mapato ya meli za kuvuka bahari ile. Miezi michache baadaye, katika kijiji jirani cha Sangatte, Shirika la Msalaba Mwekundu likafungua kituo cha kuwahifadhi wahamiaji waliokuwa wakitafuta njia ya kuingia Uingereza.

Basi huo ndio mji uliokuwa ukisomwa magazetini kwa habari za viwanda kufungwa na watu kujificha ndani ya malori. Katika majira hayohayo ya baridi, klabu yake ya wachezaji wa ridhaa ikaanza kushinda.

Hapa lazima niseme neno juu ya Kombe la Ufaransa. Kombe hilo lilianza msimu wa 1917 na 1918, wakati Vita Kuu ya Kwanza bado inapiganwa, kwa kumbukumbu ya Charles Simon, kiongozi wa michezo aliyeuawa vitani mwaka 1915. Uzuri wake ni kwamba halibagui. Timu za vijijini, za viwandani na za mitaani huingia pamoja na klabu za mamilioni. Hata timu za Réunion na Mayotte, visiwa vya bahari yetu hii ya Hindi vilivyo chini ya Ufaransa, hupata nafasi. Maelfu ya timu huanza, na wadogo hupungua kila raundi kama nafaka katika chekecheo. Ndiyo maana mdogo anaposalia, nchi nzima hugeuka kumtazama.

Calais ilikuwa ikicheza daraja la nne. Kocha wake alikuwa Ladislas Lozano. Wachezaji wake walikuwa watu wenye ajira za kila siku: wapo waliofanya kazi bandarini, wapo waliokuwa kwenye maghala, madukani, shuleni. Baadhi yao walipata kulelewa katika vituo vya vijana vya klabu kubwa, wakaachwa, wakarudi kutafuta riziki nyingine. Mazoezi yalifanyika baada ya kazi. Mchezaji aliyetaka kusafiri na timu katikati ya wiki alipaswa kwanza kumwomba ruhusa mwajiri wake.

Januari 2000 walikutana na Lille, timu ya kulipwa iliyokuwa njiani kupanda daraja la kwanza. Wakaitoa kwa penalti. Wakaifunga Langon-Castets, wenzao wa ridhaa, kisha Cannes ikatoka kwa penalti. Katika robo fainali ikaja Strasbourg, timu ya daraja la kwanza, nayo ikafungwa mabao 2 kwa 1. Wakati huo watangazaji wa redio wa Ufaransa walikuwa wameacha kuuliza kama Calais ina bahati. Walikuwa wakiuliza ni nani atakayeizuia.

Nusu fainali ilikuwa Aprili 12, 2000, dhidi ya Bordeaux, mabingwa wa Ufaransa wa mwaka 1999. Uwanja wa Calais, Julien-Denis, usingeweza kubeba umati huo, kwa hiyo mchezo ukapelekwa Lens, mji wa wachimba makaa ya mawe, katika uwanja wa Félix-Bollaert. Dakika 90 zikaisha hakuna bao. Katika muda wa nyongeza Cédric Jandau akaipatia Calais bao la kwanza. Lilian Laslandes, mshambuliaji wa timu ya taifa, akasawazisha. Yeyote aliyeujua mpira alitegemea kwamba sasa miguu ya watu wa ridhaa ingelegea. Badala yake Mathieu Millien akafunga la pili, na Mickaël Gérard la tatu. Mabingwa wakatoka kwa mabao 3 kwa 1. Kwa mara ya kwanza timu ya daraja la nne ikaingia fainali ya Kombe la Ufaransa, na mpaka leo hakuna nyingine ya daraja hilo iliyorudia.

Fainali ilichezwa Mei 7, 2000, katika uwanja wa taifa wa Stade de France, nje kidogo ya Paris, mbele ya watu zaidi ya 78,000, akiwamo Rais Jacques Chirac. Wapinzani walikuwa Nantes, waliokuwa wanalitetea kombe hilo. Dakika ya 34 Jérôme Dutitre akafunga, na Calais wakaenda mapumziko wakiwa mbele kwa bao 1 kwa 0. Hebu fikiria hali ya mji huo katika dakika 15 za mapumziko yale.

Mara baada ya mapumziko Antoine Sibierski akasawazisha. Kisha, mchezo ukiwa ukingoni na watu wakijiandaa kwa muda wa nyongeza, Alain Caveglia akaanguka ndani ya eneo la hatari. Mwamuzi akaamuru penalti. Sibierski akapiga, na ikawa mabao 2 kwa 1. Penalti hiyo imebishaniwa miaka na miaka, na katika Calais ukiitaja leo bado utajibiwa kwa mikono.

Lililofuata ndilo ambalo wengi wanalikumbuka kuliko mabao. Nahodha wa Nantes, mlinda mlango Mickaël Landreau, alikuwa bado hajatimiza miaka 21. Alipokuwa akipokea kombe, alimwita nahodha wa Calais, Réginald Becque, nao wakalinyanyua pamoja. Hakuna kanuni iliyomwagiza. Mwaka 2018 Les Herbiers, timu ya daraja la tatu, ilipofungwa fainali na Paris Saint-Germain, nahodha Thiago Silva alimwita mwenzake Sébastien Flochon vilevile. Landreau alikuwa ameacha desturi.

Mpaka hapo hadithi ni tamu, na wengi wanaoisimulia huishia hapo. Mimi nilitaka kujua kilichofuata.

Kilichofuata ni kwamba Calais ilirudi kwenye maisha ya kawaida ikiwa na jina lisilo la kawaida. Mwaka mmoja baadaye ilipanda daraja la tatu. Mwaka 2006 ilifika tena robo fainali ya kombe, na Nantes haohao wakaitoa kwa bao 1 kwa 0. Kila mafanikio yaliongeza matarajio. Watu waliokuwa wakilipia kiingilio kutazama majirani zao wakicheza, sasa walikuja kutazama timu iliyowahi kuwafunga mabingwa. Na timu hiyo haikuwapo tena, kwa sababu wachezaji huzeeka, huhama, hurudi kwenye ajira zao.

Wakati huohuo ukajengwa uwanja mpya. Ulifunguliwa mwaka 2008, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 12,000, na ukapewa jina la Stade de l'Épopée. Neno hilo la Kifaransa tunaweza kulitafsiri vizuri sana katika lugha yetu: Uwanja wa Utenzi. Ni utenzi wa vita na mashujaa, wa aina ile tuliyorithi kwa mabibi na mababu zetu wa pwani. Sijui uwanja mwingine ulimwenguni uliojengwa kwa ajili ya kukumbuka mchezo uliopotea.

Niliuona uwanja huo kwa nje. Ilikuwa katikati ya wiki na malango yalikuwa yamefungwa. Ni jengo safi, kubwa, la kisasa. Nikajaribu kupiga hesabu ambayo mweka hazina yeyote wa klabu ndogo angeipiga. Uwanja wa watu 12,000 unahitaji taa, maji, walinzi, wafagiaji na mafundi, hata kama waliokuja kutazama ni mia chache. Watu mia chache katika uwanja mdogo ni shangwe. Watu haohao katika uwanja wa 12,000 ni msiba. Mchezaji husikia mwangwi wa sauti ya kocha wake. Mfadhili naye hutazama viti vitupu, akaanza kuutafuta mlango.

Katika soko la mji nilizungumza na mzee mmoja aliyefanya kazi ya lesi mpaka kiwanda chake kilipofungwa. Alikwenda Paris kwa basi siku ya fainali. Nilimwuliza kama angependa timu ile isingefika mbali hivyo, ili klabu iendelee kuishi. Hakunijibu haraka. Mwishowe alinieleza kwamba kwake yeye siku ile haina bei, na kwamba kosa halikuwa la wale vijana kushinda. Kosa lilikuwa la wakubwa waliodhani kwamba ushindi ule ungeweza kununuliwa mara ya pili.

Nadhani mzee yule aliigusa shina. Mafanikio ya mwaka 2000 yalikuwa na vyanzo vyake: kikundi cha wachezaji waliokaa pamoja, kocha aliyewajua, mji uliowaona kuwa ni wao, na kombe lisilobagua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouzwa dukani. Lakini sifa ilipokuja ilileta ushawishi wa kutafuta njia ya mkato: kuajiri wachezaji wa kulipwa kutoka mbali, kusafiri kama wakubwa, kutumia leo fedha za msimu ujao. Katika daraja la tatu la Ufaransa klabu hutumia kama ya kulipwa huku ikivuna kama ya ridhaa. Ufaransa ina chombo maalumu cha kukagua hesabu za klabu, nacho kina uwezo wa kuishusha daraja timu iliyoshinda uwanjani ikiwa vitabu vyake haviridhishi. Calais ilizijua vizuri ofisi hizo. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka tena.

Mji nao ulikuwa umechoka. Januari 2012 kampuni ya meli ya SeaFrance, iliyokuwa mwajiri mkubwa wa Calais, ilifilisiwa. Miaka iliyofuata jina la Calais likawa habari ya dunia kwa sababu ya kambi kubwa ya mahema ya wahamiaji, wengi wao kutoka Afghanistan, Sudan, Eritrea na Ethiopia, ambayo serikali iliivunja Oktoba 2016. Katika hali hiyo ni nani angeuliza habari za hesabu za klabu ya mpira? Septemba 2017 klabu ikafilisiwa, na jina la Calais Racing Union likafutwa. Uwanja wa Utenzi ukabaki, mashujaa wake hawapo.

Ili tusiseme kwamba ni bahari au umaskini wa eneo ulioiua, tutazame kilomita zipatazo 35 kusini, katika Boulogne-sur-Mer, bandari kubwa ya uvuvi. Klabu yake, US Boulogne, nayo ni ya kawaida. Nayo imeonja utamu, ikicheza msimu mmoja wa daraja la juu kabisa, 2009 na 2010, kisha ikaporomoka hadi chini na kupata shida za fedha. Lakini iliendelea kucheza palepale, katika uwanja wake wa zamani wa Libération, na kulea vijana. Franck Ribéry ni mtoto wa mji huo na alianzia hapo. N'Golo Kanté, aliyekuja kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2018, alipitia hapo akiwa kijana ambaye klabu kubwa zilimwona mfupi mno. Mwaka 2025 Boulogne ilipanda tena daraja la pili. Sisemi kwamba Boulogne ni malaika na Calais ni mwenye dhambi. Nasema kwamba klabu moja, ilipoanguka, ilikuwa na nyumba ya kimo chake ya kurudia, na nyingine haikuwa nayo.

Wasikilizaji na wasomaji wapenzi, wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Katika miji yetu nasi tunazo timu za bandari, za reli, za viwanda na za mitaa. Kila moja ina siku inayoiota, siku ya kumwangusha mkubwa. Naiombea kila moja siku hiyo ifike. Ikifika, watakuja watu wenye suti na michoro ya uwanja, na watakuja wafadhili wenye ahadi ya msimu mmoja. Viongozi wa timu na wita mkutano wa wanachama kabla ya kusaini chochote, na mtu mmoja asimame aulize maswali matatu: nani atalipa bili ya umeme baada ya miaka mitano, watoto wa mtaa watafanyia mazoezi wapi, na tukishuka daraja, tutarudi wapi?

Wale raia sita wa Rodin walitoka nje ya lango wakiwa na funguo za mji mikononi. Wachezaji wa mwaka 2000 nao walitoka hivyo, wakabeba jina la mji hadi Paris na kurudi na heshima. Kazi ya kuzitunza funguo hizo ilikuwa ya wengine. Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.